Samaki Malaika, Maji ya Tangi na Mkono wa Mfugaji

Tangi la samaki limekuwa pambo la kawaida katika sebule za mijini, katika mapokezi ya hoteli na katika vyumba vya kusubiria vya baadhi ya kliniki. Miongoni mwa samaki wanaopendwa sana kwa pambo hilo ni samaki malaika, ambaye jina lake la kisayansi ni Pterophyllum scalare. Umbo lake bapa lililosimama wima, mapezi yake marefu mfano wa tanga, na mwendo wake wa taratibu humfanya aonekane mpole kuliko alivyo. Makala haya yanaeleza namna ya kumtunza samaki huyu awe na afya akiishi tangi moja na samaki wengine. Yanaeleza pia jambo ambalo wanunuzi wengi wa tangi hawaambiwi dukani: maji yanayomdhoofisha samaki yanaweza kumdhuru na mtu anayetia mkono ndani yake, na madhara hayo huweza kutibiwa kwa miezi mingi kama ugonjwa mwingine kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za samaki.

Asili ya samaki huyu na wenzake wa tangini

Samaki malaika si wa maji yetu. Kitatange anayejulikana na wavuvi wa pwani, ambaye naye ni bapa na mwenye rangi za kupendeza, ni samaki wa bahari wa ukoo mwingine kabisa. Kwao samaki malaika ni bonde la mto Amazoni huko Amerika ya Kusini, ambako huishi katika maji yaendayo polepole, kati ya mimea, matawi na mizizi iliyozama. Hata hivyo anao jamaa hapa Afrika Mashariki, kwa kuwa familia yake, Cichlidae, ndiyo familia ya sato, perege na furu wa Ziwa Viktoria.

Ujamaa huo umewaponza wafugaji. Samaki wenye rangi wa Ziwa Nyasa, maarufu kwa jina la mbuna, na wale wa Ziwa Tanganyika hutafutwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo, na mfugaji asiyejua huwachanganya na samaki malaika kwa hoja kwamba wote ni wa familia moja. Maji ya maziwa hayo yana madini mengi na pH yake huanzia karibu 8 kwenda juu. Samaki malaika hustawi katika maji laini yenye pH ya 6 hadi 7.5. Zaidi ya hayo mbuna ni wagomvi, na yale mapezi marefu ndiyo huwa ya kwanza kuraruliwa. Pezi lililoraruliwa ni jeraha lililo wazi katika maji yaliyojaa bakteria. Kwa sababu hiyo hiyo samaki wadogo wenye tabia ya kudonoa mapezi, kama barbi wenye milia, hawafai kuwekwa pamoja naye. Kwa upande mwingine, tetra wa neoni, ambao ni wadogo kama kipande cha kijiti, huishi naye salama akiwa mchanga na huliwa naye akikomaa. Wenzake wanaofaa ni tetra wakubwa kidogo na kambare wadogo wa jenasi ya Corydoras wanaokaa chini ya tangi.

Mtu mzima wa jamii hii, akipimwa wima kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini, huweza kuzidi sentimita 20. Tangi lake basi liwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi, na ujazo usiopungua lita 100 kwa jozi moja. Bakuli la kioo la mviringo ambalo huonekana mezani katika picha za matangazo halimfai yeye wala samaki mwingine yeyote wa ukubwa huo.

Katika Kiswahili samaki wa maji yasiyo na chumvi huitwa samaki wa maji baridi, na jina hilo limewapotosha wachache. Samaki malaika huhitaji maji ya uvuguvugu, nyuzi joto 25 hadi 28 za Selsiasi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hali ya hewa yenyewe hutosha sehemu kubwa ya mwaka. Arusha, Mbeya au Nairobi, usiku wa Juni na Julai, tangi lisilo na kipasha joto hupoa kiasi cha kumwondolea samaki kinga yake.

Maji huchafuka kabla hayajaonekana machafu

Vifo vingi vya samaki katika tangi jipya havisababishwi na ugonjwa wa kuambukiza. Husababishwa na sumu ambayo samaki wenyewe huitoa. Mwili wa samaki, kama ule wa binadamu, hutengeneza amonia unapovunja protini. Kwa binadamu ini huigeuza amonia kuwa urea, kisha figo huitoa. Samaki huitoa moja kwa moja kupitia matamvua, na mtoni maji mengi huichukua ikapotea. Tangini haina pa kwenda. Huongezewa na mabaki ya chakula yanayooza, na huzidi ukali kadiri pH na joto la maji vinavyopanda.

Kinachookoa tangi ni bakteria wanaojijenga juu ya sponji ya chujio na juu ya changarawe. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti; kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Mfugaji anayenunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki kumi Jumapili huwa amewaweka wagonjwa katika nyumba isiyo na choo.

Nitriti inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa wahudumu wa afya wanaifahamu kwa sura nyingine. Ikipita kwenye matamvua huingia katika damu na kuigeuza himoglobini kuwa methimoglobini, ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya hudhurungi, na samaki hupanda juu ya maji akihema ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Ni ugonjwa ule ule unaowapata watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi, wakageuka rangi ya samawati. Kwa samaki, hatua ya haraka ni kubadilisha sehemu ya maji na kuongeza chumvi kidogo, kwa sababu kloridi hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia isiingie.

Kutokana na hayo kanuni za usafi wa tangi ni chache. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki; hayamwagwi yote kwa mara moja. Sponji ya chujio huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini ya bomba huwaua bakteria wale wale wanaohitajika. Chakula hutolewa kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa hufa kwa kukosa oksijeni. Kabla ya kuliwasha tena, lifunguliwe na maji yaliyovunda ndani yake yamwagwe nje.

Maji ya bomba huachwa wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini iondoke, au hutiwa dawa ya kuondoa klorini. Mahali ambapo maji hutibiwa kwa kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi na dawa ni lazima. Hapa pana tahadhari ambayo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa katika nchi za baridi havina haja ya kuitoa. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengue, hupenda kutaga katika maji safi yaliyotuama ndani ya vyombo vya nyumbani, na jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Ndoo ifunikwe kwa chandarua, na isipite siku mbili haijatumika. Ni kweli kwamba samaki malaika hula viluwiluwi wa mbu kwa ulafi mkubwa, lakini kuwafuga viluwiluwi uani kwa ajili yake ni kulisha samaki kwa kuhatarisha afya ya majirani.

Samaki anapougua

Samaki mwenye afya huyakunjua mapezi yake na hukifuata chakula. Anayejificha pembeni akiwa amebana mapezi, au anayejisugua kwenye mawe, ameanza kuugua, na jambo la kwanza ni kupima maji kabla ya kutafuta dawa.

Madoa meupe mithili ya punje za chumvi husababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kimelea hiki kikiwa ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa. Hufikiwa kinapotoka, kikazaliana chini ya tangi na kutoa vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa nyuzi joto 25 mzunguko huo huchukua takriban wiki moja, na kwa joto kubwa zaidi huwa mfupi. Ndiyo maana mfugaji hupandisha joto polepole hadi nyuzi 30, huongeza hewa, na huendelea na dawa kwa siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Anayeacha dawa siku madoa yanapotoweka hurudi nayo wiki inayofuata.

Kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, pamoja na kukataa chakula, humfanya mfugaji mzoefu ashuku vimelea vya utumbo vya jenasi ya Spironucleus, ambavyo hutibiwa kwa metronidazo. Dawa hiyo wengi wanayo nyumbani, na hapo ndipo penye hatari. Kidonge kilichobaki cha mgonjwa husagwa na kumwagwa tangini. Kesho yake hufuatia vidonge vya tetrasaiklini, au amoksisilini, kwa kukisia. Viuavijasumu vinavyomwagwa hivyo huweza kuwaua bakteria wa chujio, amonia ikapanda, na samaki aliyekuwa na ugonjwa mmoja akapata wa pili. Maji yale humwagwa kwenye mfereji yakiwa na mabaki ya dawa na bakteria waliokwisha kuizoea. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa haujali kama dawa ilianzia kwa mtoto au kwa samaki. Muuzaji wa duka la dawa anayeombwa tetrasaiklini "ya samaki" ana haki na wajibu wa kumwelekeza mteja kwa daktari wa mifugo au ofisa uvuvi.

Kisha kuna samaki anayekonda. Anakula, lakini tumbo linabonyea, mgongo unapinda, rangi inafifia, na pengine kidonda kinatokea ubavuni. Hali hii ina sababu kadhaa, na mojawapo ni maambukizi ya mikobakteria: Mycobacterium marinum, M. fortuitum au M. chelonae, ambao ni jamaa wa bakteria wa kifua kikuu. Kwa samaki hakuna tiba ya maana. Aliyeathirika hutengwa, na aliyekufa huondolewa mara moja ili wenzake wasimle, maana kumla ndiyo njia mojawapo ya kuambukizana. Kila samaki mpya awekwe peke yake wiki tatu hadi nne kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kidonda kisichopona

M. marinum alitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na Joseph Aronson, kutoka kwa samaki wa bahari waliokufa katika akwaria ya Philadelphia, Marekani. Mwaka 1951 watafiti wa Sweden walimpata katika vidonda vya watu waliooga kwenye bwawa la kuogelea. Mwaka 1962 uhusiano wake na matangi ya samaki ya nyumbani ukaelezwa. Leo, kwa kuwa mabwawa hutiwa klorini, mgonjwa wa kawaida wa bakteria huyu ni mfugaji wa samaki, mvuvi, au mtu anayesafisha samaki.

Bakteria huingia kupitia mchubuko mdogo ambao mtu husahau. Wiki mbili hadi nne baadaye, na pengine miezi kadhaa, uvimbe mdogo wenye wekundu wa zambarau hutokea kwenye kidole, mgongo wa kiganja au kiwiko. Hauumi sana, na hauleti homa. Huweza kukauka kama sugu au kufunguka kuwa kidonda. Kwa baadhi ya wagonjwa vinundu vingine hufuatana kupanda mkono kwa mstari, vikifuata mishipa ya limfu. Ugonjwa ukishuka ndani huweza kufika kwenye kano na viungo, na vidole vikakakamaa.

Safari ya mgonjwa wa namna hii hujulikana. Hupewa amoksisilini kwa kudhaniwa kuwa na jipu, kisha kiuavijasumu kingine. Jipu hupasuliwa na halitoi usaha wa kueleweka. Hupakwa dawa yenye steroidi, na kidonda hutanuka. Hatimaye kipande cha ngozi hupelekwa maabara, na endapo bakteria wanaoshika rangi ya kifua kikuu wataonekana kwa hadubini, mgonjwa huambiwa ana kifua kikuu cha ngozi, au hata ukoma. Kipimo cha ngozi cha tuberkulini nacho huweza kuwa chanya na kuithibitisha dhana hiyo isiyo sahihi. Mtu aliyekuwa na kidonda kidoleni hurudi nyumbani na hofu ya kuwaambukiza watoto wake, na huanza kula kwa sahani yake peke yake.

Hofu hiyo haina msingi. M. marinum haambukizwi kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Ufunguo wa utambuzi ni joto. Bakteria huyu hukua vizuri kwa nyuzi joto 30 hadi 33, na kwa 37 hukua kwa shida. Ndiyo maana huchagua mikono, ambako ngozi ni ya baridi kuliko sehemu za ndani za mwili. Na ndiyo maana humponyoka mtaalamu wa maabara. Sampuli inayooteshwa kwa nyuzi 37 pekee, kama ilivyo desturi kwa kifua kikuu, huweza kurudi na jibu la kwamba hakuna kilichoota. GeneXpert hutambua kundi la bakteria wa kifua kikuu tu, kwa hiyo jibu lake hasi halimwondoi bakteria huyu. Kwa kidonda cha mkono chenye bakteria walioonekana kwa hadubini, jibu hilo hasi lingepaswa kumfanya mtabibu awaze upya. Hadubini nayo mara nyingi haioni kitu, kwa kuwa bakteria huwa wachache. Mstari mmoja kwenye fomu ya maabara hubadilisha matokeo: mgonjwa anafuga samaki; ioteshwe pia kwa nyuzi 30, kwa wiki sita. Mstari huo hauwezi kuandikwa na asiyeuliza, na mgonjwa hawezi kuutaja mwenyewe, maana haoni uhusiano wowote kati ya samaki wake na kidole chake.

Katika utambuzi wa tofauti, ganzi kwenye doa huelekeza kwenye ukoma. Vinundu vilivyopangana mkononi kwa mkulima au mtunza bustani huelekeza kwenye fangasi wa Sporothrix. Matibabu huhitaji dawa mbili kwa kawaida, mara nyingi klarithromaisini na ethambutoli, na rifampisini huongezwa ugonjwa unapofika kwenye kano au mfupa, pengine pamoja na upasuaji. Doksisaiklini hutosha kwa baadhi ya vidonda vya juu juu. Tiba huendelea mwezi mmoja hadi miwili baada ya kidonda kufunga, kwa jumla miezi mitatu au zaidi. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa makosa huweza kupata nafuu ya kiasi kutokana na rifampisini na ethambutoli, nafuu inayowadanganya wote wawili. Isoniazidi na pirazinamidi hazimsaidii. Kwa anayeishi na VVU izingatiwe kuwa rifampisini hupunguza kiwango cha dolutegravir katika damu, na dozi hurekebishwa.

Nani atie mkono

Kutazama samaki hakuna hatari, wala hakuna sababu ya mgonjwa kuwaondoa nyumbani kwa hofu. Hatari imo katika mkono wenye mchubuko, na huongezeka kwa mwenye kinga iliyopungua kwa sababu ya VVU, dawa za saratani, steroidi za muda mrefu au kisukari kisichodhibitiwa. Huyo alishe samaki wake na kuwafurahia, lakini tangi lisafishwe na mwingine. Anayesafisha avae glavu ndefu zinazofika kiwikoni, azime kwanza kipasha joto na pampu kwenye soketi, na anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka akimaliza. Mpira wa kutolea maji usinyonywe kwa mdomo, kama watu walivyozoea kunyonya mafuta kwenye pipa. Maji ya tangi huweza pia kubeba Salmonella. Ndoo ya samaki iwe ya samaki tu. Changarawe isioshwe kwenye sinki la vyombo wala kwenye beseni la kuogeshea mtoto. Wapo watoto walioambukizwa M. marinum kwa njia hiyo bila kuligusa tangi lenyewe.

Tangi ambalo samaki wake wamekonda na kufa mmoja baada ya mwingine livunjwe. Sponji, mimea na changarawe vitupwe, na maji yamwagwe chooni. Klorini ya kiwango cha maji ya bomba haimuui M. marinum, kioo kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kiachwe kikauke kabisa kabla ya kuanza upya na zile wiki sita za kusubiri.

Kliniki yenye tangi katika chumba cha kusubiria ina jukumu la ziada. Kazi ya kulisafisha aghalabu huachiwa mhudumu wa usafi, ambaye ana glavu za kudekia sakafu na hana za tangi, na ambaye mikono yake huwa imechubuliwa na sabuni kali kutwa nzima. Apewe glavu za kazi hiyo, aelezwe kinachoweza kumpata, na akionyesha kidonda kidoleni asipewe amoksisilini dirishani kwa sababu tu ni mtu wa nyumbani. Afunguliwe jalada, achunguzwe kama mgonjwa mwingine yeyote.